Nyangumi wa Baharini na Nyumbu wa Loliondo: Mlinzi wa Kwanza ni Jirani



Baadhi yenu mtashangaa kuona kijarida cha watu wa Loliondo, watu wa ng'ombe na wa mashamba ya mabondeni, kikianza na habari za nyangumi. Kutoka Wasso hadi bahari ya Tanga ni mwendo wa siku nyingi kwa miguu, na wengi wetu tutaiaga dunia bila kumwona mnyama huyo kwa macho. Hata hivyo tumeona vema kuieleza habari yake kwa kirefu. Dunia iliwahi kukaa pamoja na kuamua jinsi ya kumlinda nyangumi. Ikakosea, kisha ikajisahihisha, na katika kujisahihisha huko limo fundisho tunalolihitaji sana hapa kwetu. Swali la nyangumi na swali la Loliondo ni moja: anapolindwa mnyama mkubwa, yule binadamu aliyeishi jirani naye tangu enzi za mababu ahesabiwe kuwa adui au kuwa mlinzi?

Biashara isiyojua kushiba

Nyangumi si samaki. Ana damu ya moto, huzaa na kunyonyesha, na hupanda juu ya maji kuvuta pumzi kama sisi. Kila mwaka, kuanzia mwezi Julai, nyangumi wa nundu huja kutoka bahari ya barafu iliyo kusini ya dunia, wakapita pwani ya Msumbiji na kufika katika maji ya Mtwara, Mafia na Zanzibar, ili kuzaa na kulea watoto mahali penye joto. Anahama kwa majira, akifuata malisho na mahali pa kuzalia, kama afanyavyo nyumbu wetu. Watu wa pwani walimfahamu tangu kale. Ambari, ile mali ya manukato itokayo tumboni mwa aina mojawapo ya nyangumi, iliokotwa ufukweni na kuuzwa hadi Arabuni kwa karne nyingi. Kuokota huko hakukumaliza nyangumi.

Waliommaliza walikuwa wengine. Katika karne ya 19 Mnorwe Svend Foyn alikamilisha chusa kinachorushwa kwa mzinga na kulipuka ndani ya mwili wa mnyama. Mwaka 1904 kituo cha kuchakata nyangumi kilijengwa Grytviken, katika kisiwa cha South Georgia kilicho karibu na ncha ya kusini, na kuanzia mwaka 1925 zilipatikana meli zenye kiwanda ndani yake, zilizoweza kumvuta nyangumi mzima hadi sitahani na kumchuna hapo hapo baharini. Mafuta yake yalitengeneza sabuni na siagi ya viwandani kwa ajili ya miji ya Ulaya. Hata upande wetu wa Afrika, kituo cha Durban kiliua nyangumi tangu mwaka 1908 hadi 1975. Wataalamu wamekadiria kwamba katika karne ya 20 peke yake waliuawa nyangumi wanaokaribia 2,900,000. Nyangumi wa buluu wa bahari ya kusini, mnyama mkubwa kuliko wote wanaojulikana duniani, walikuwa zaidi ya 200,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamebaki mia chache tu.

Si kwamba hapakuwa na sheria. Mnamo Desemba 1946 mataifa yalitia sahihi mkataba mjini Washington, na kwa mkataba huo ikaundwa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi. Lakini katika miaka yake ya kwanza waliokaa mezani walikuwa hasa wenye meli. Kipimo chao hakikuwa mnyama bali mafuta: nyangumi wa buluu mmoja alihesabiwa sawa na nyangumi wa nundu wawili na nusu, au na sita wa aina nyingine iliyo ndogo zaidi. Kiumbe aliyebarikiwa katika kurasa za kwanza za kitabu cha Mwanzo, kabla mwanadamu hajaumbwa, aligeuzwa kuwa pipa.

Tena palikuwa na uongo. Meli za Kisovieti zilitoa taarifa kwamba kati ya mwaka 1947 na 1973 ziliua nyangumi wa nundu wasiofika 3,000 katika bahari za kusini. Katika miaka ya 1990 wanasayansi wa Urusi wenyewe walifichua kwamba waliouawa walizidi 48,000. Tume ilikuwa imekaa miaka yote hiyo ikigawa mafungu juu ya takwimu za uongo.

Hatimaye dunia ilizinduka. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Visiwa vya Shelisheli, taifa dogo la jirani zetu, Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa mahali pa salama kwa nyangumi. Mwaka 1982 Tume ilipiga kura kusimamisha uwindaji wote wa kibiashara, na uamuzi huo ukaanza kutumika mwaka 1986. Tanzania nayo iliingia katika Tume hiyo mwaka 2008. Si wote waliokubali: Norway na Iceland ziliendelea kuwinda, na Japani ilijitoa mwaka 2019. Lakini matunda yanaonekana. Nyangumi wa nundu wa upande wa Brazili, waliobaki kama 450 katika miaka ya 1950, sasa wanakadiriwa kufika karibu 25,000.

Wawindaji wa barafuni

Hapa ndipo tunapoomba usikivu wenu, maana somo letu liko hapa.

Kaskazini kabisa mwa Marekani, katika nchi ya Alaska, wanaishi watu wa kabila la Wainupiat. Kwao hakuna shamba wala malisho. Kwa sehemu kubwa ya mwaka bahari ni barafu. Kwa karne nyingi wamekula nyama ya nyangumi wa barafuni, wakimvua kwa mashua ndogo na kugawana nyama kijiji kizima. Mnyama huyo naye alikuwa ameharibiwa na meli za wafanyabiashara wa karne ya 19, waliotoka mbali na kuondoka walipotosheka. Mwaka 1977 Tume ya Nyangumi, kwa nia njema ya kumwokoa, iliondoa ruhusa ya Wainupiat kuwinda. Wataalamu walikuwa wamesimama ukingoni mwa barafu wakihesabu nyangumi wanaopita katika maji yaliyo wazi, nao wakaona ni wachache mno.

Wawindaji hawakukubali. Walisema: ninyi mnahesabu wanaopita mbele ya macho yenu, lakini nyangumi huyu hupita pia chini ya barafu, akaipasua kwa kichwa apate kuvuta pumzi. Mwindaji mmoja wa mji wa Barrow, Mzee Harry Brower, alitumia miaka mingi kuwaeleza watafiti tabia za mnyama huyo. Wengine wangeyaita maneno hayo hadithi za wazee wasio na elimu. Lakini katika miaka ya 1980 watafiti waliteremsha vinasa sauti chini ya maji, wakasikia sauti za nyangumi wanaopita mahali ambapo jicho halikuona kitu. Wazee walikuwa wamesema kweli. Hesabu zilipofanywa upya zilipanda mara kadhaa, na hivi leo nyangumi hao ni zaidi ya 10,000.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini tusiichukue habari hii nusu. Wainupiat hawakudai tu; walijifunga pia. Katika mwaka ule ule wa 1977 waliunda tume yao wenyewe ya wawindaji. Walikubali kiwango kidogo sana kwa mwaka 1978, nyangumi 12 tu wa kuvuliwa kwa vijiji vyote, ingawa kiliwauma. Waligawana kiwango hicho wao kwa wao, na kutoka mwaka 1981 waliingia mapatano na serikali yao ya kusimamia uwindaji kwa pamoja, wao wakitoa taarifa ya kila chusa kilichorushwa. Ndiyo maana uwindaji wa kibiashara ulipopigwa marufuku, uwindaji wa chakula wa watu wa Alaska, Greenland na wengine wachache uliachwa kwa mipaka. Sheria ilitambua tofauti kati ya anayeua ili auze asishibe na anayeishi pamoja na mnyama.

Nyumbu, ng'ombe na sotoka

Sasa turudi nyumbani. Mwishoni mwa mwezi Oktoba na kuendelea, mvua zinapoanza kunyesha, nyumbu hutoka Kenya na kupita katika nchi yetu kuelekea nyanda za kusini, ambako huzaa kati ya Januari na Machi. Ni zaidi ya milioni moja. Dunia huja kuwatazama na kusema kwamba hii ni nchi ya wanyama. Ni kweli, lakini ni nchi ya wanyama waliokaa na watu.

Wazee wetu wanasimulia juu ya Emutai, maangamizi ya mwishoni mwa karne ya 19, sotoka ilipoingia na kufagia ng'ombe. Haikufagia ng'ombe peke yao; nyumbu na nyati walikufa vile vile. Kwa miaka mingi baada ya hapo ugonjwa ule uliendelea kuua ndama wa nyumbu mwaka hata mwaka. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ng'ombe wa wafugaji waliozunguka Serengeti walichanjwa, na jambo ambalo wengi hawakulitarajia likatokea: sotoka ikatoweka kwa nyumbu, ingawa hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Nyumbu waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapita 1,300,000 ilipofika mwaka 1977. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote. Ng'ombe aliyeletwa na mfugaji kwenye josho na kwenye chanjo alimwokoa nyumbu. Na mfugaji naye, akijua kwamba mahali walipozalia nyumbu pana ugonjwa unaoua ng'ombe, amezoea kuyahamisha makundi yake wakati huo na kuwaachia wanyama nyanda zile. Huo ni uhifadhi, hata kama haukuandikwa katika kitabu chochote cha idara.

Ni nini basi kilichowapunguza wanyama? Huko Loita, ng'ambo ya mpaka, nyumbu waliokuwa zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970 walishuka hadi chini ya 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu kubwa ya mashamba makubwa ya ngano yaliyochukua nyanda zao za kuzalia. Katika kreta ya Ngorongoro faru walizidi 100 katikati ya miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawakufika 20, na pembe zao ziliuzwa Yemen na Mashariki ya Mbali. Katika nchi yetu nzima tembo waliohesabiwa 109,051 mwaka 2009 walibaki 43,330 mwaka 2014. Hatusemi kwamba hapakuwa na mwenyeji aliyemwonyesha jangili njia. Walikuwapo, na dhambi hiyo tuikiri. Lakini kama ilivyokuwa kwa nyangumi, mnunuzi alikuwa mbali, na fedha ilikuwa yake.

Loliondo yetu

Pamoja na hayo, kila unapofanyika mpango wa kumlinda mnyama huku kwetu, wa kwanza kuambiwa aondoke ni jirani yake. Mwaka 1959 wafugaji waliondolewa Serengeti na kupewa ahadi ya makao Ngorongoro na Loliondo. Mwaka 1992 eneo letu lilitolewa kuwa kitalu cha uwindaji kwa wageni kutoka Falme za Kiarabu. Katika operesheni za Julai 2009 na Agosti 2017 maboma yalichomwa moto. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ilikataza malisho ndani ya mapori tengefu, ambayo zamani yalikaa juu ya ardhi ya vijiji bila kumzuia mfugaji. Mwezi Juni 2022 viliwekwa vigingi kutenga kilomita za mraba 1,500. Katika vurugu zilizotokea askari mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa, na wengine wakavuka mpaka kwenda Kenya. Eneo hilo likatangazwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti, na mwezi Oktoba mwaka huo likafanywa Pori la Akiba.

Mahakama zimesema neno. Septemba 2023 Mahakama Kuu huko Arusha ilitamka kwamba tangazo lile la Pori Tengefu lilitolewa bila wananchi kushauriwa kama sheria inavyotaka. Novemba mwaka huo huo, kitengo cha rufaa cha Mahakama ya Afrika Mashariki kiliagiza kesi ya vijiji vyetu isikilizwe upya. Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa jamii ya Kimaasai mkoani Arusha na kutangaza kuunda tume mbili, moja ya malalamiko ya ardhi na nyingine ya zoezi la watu kuhama.

Tuseme pia kwa haki kwamba serikali ina hoja. Watu na mifugo wameongezeka sana kuliko walivyokuwa mwaka 1959. Chemchemi hazikuongezeka. Mto Mara, Serengeti na nyanda zetu ni mwili mmoja, na anayesema kwamba hakuna kinachohitaji mpaka hasemi kweli. Ila mpaka una namna mbili za kuwekwa. Upo mpaka unaoletwa kwa gari usiku, mwenyeji akaukuta asubuhi. Na upo mpaka unaowekwa baada ya mwenyeji kuulizwa nyumbu hupita wapi, huzaa wapi, na ng'ombe wakae wapi mwezi gani. Mpaka wa kwanza unahitaji bunduki kuulinda kila siku. Wa pili unalindwa na aliyeuweka.

Wajibu wetu

Ndugu zetu, haki isiyo na wajibu haidumu. Wainupiat walisikilizwa kwa sababu walikuja na ujuzi, hesabu na nidhamu. Nasi tunawaalika mfanye yafuatayo katika jumuiya na vijiji vyenu.

Kwanza, tunzeni hesabu, nayo iwe ya kweli. Vijana wetu waliosoma wakae na wazee, waandike tarehe nyumbu walipofika Ololosokwan, Arash au Malambo, njia walizopita na visima walivyokunywa. Waandike vile vile idadi ya ng'ombe wetu bila kuipunguza kwa hofu wala kuiongeza kwa sifa. Tumeona jinsi hesabu za uongo zilivyokaribia kuwamaliza nyangumi. Tusijenge madai yetu juu ya msingi kama huo.

Pili, mkutano mkuu wa kijiji usiwe wa kupiga muhuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeukabidhi mkutano huo na halmashauri ya kijiji madaraka juu ya ardhi yao. Mpango wa matumizi ya ardhi ujadiliwe hadharani, muhtasari uandikwe na kuhifadhiwa. Akina mama wasikilizwe, maana wao ndio wanaojua chemchemi ipi imekauka. Ndugu zetu Wabatemi wa Sale, ambao wazee wao wamegawana maji ya mifereji kwa zamu tangu kale, wana mengi ya kutufundisha juu ya kuishi kwa kipimo.

Tatu, tusikodishe nyanda za mapito kwa mwenye trekta na uzio eti kwa sababu analipa vizuri mwaka huu. Yaliyotokea Loita yasije kwetu kwa mikono yetu wenyewe.

Nne, tusimfiche jangili, awe mgeni au mtoto wa nyumbani. Wala tusitege sumu kwa simba aliyeua ndama. Sumu ile humuua fisi, tai na mbwa wa jirani, na kesho hutumika kuwa ushahidi dhidi yetu sote.

Tano, madai yetu yafuate njia ya amani. Damu iliyomwagika Juni 2022, ya askari na ya wananchi, ilikuwa damu ya watoto wa mama. Twendeni kwa barua, kwa mahakama, kwa wawakilishi wetu, wala tusichoke.

Kwa wenye mamlaka tunaomba jambo moja lisilo kubwa: jirani wa mnyama aulizwe kabla kigingi hakijasimikwa, na ajuzi lake liingizwe katika hesabu za wataalamu. Akikubali mpaka, naye apewe sehemu katika kuusimamia na katika mapato yake.

Nabii Yona, aliyemezwa na samaki mkubwa, alikasirika kwa kuwa Mungu aliuhurumia mji wa Ninawi. Jibu alilopewa liliwataja watu wa mji ule pamoja na wanyama wao, chini ya huruma moja. Hatukupewa ruhusa ya kuwatenganisha. Somo hili lizungumzwe katika jumuiya zote mwezi huu, na kila kamati ituletee majina ya vijana wawili na wazee wawili watakaoanza kuandika hesabu ya kijiji chao kabla nyumbu hawajarudi.